Binti Aliyesomewa Ubao

Mwaka ule wa vita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya elimu, Ngara, nyuma ya mama mmoja wa Mabawe na binti yake asiyeona. Dada wa binti huyo, aliyekuwa akikaa naye darasani na kumsomea ubao kwa kunong'ona, alikuwa amemaliza naye darasa la saba, lakini hakuchaguliwa kwenda naye sekondari. Mama aliomba binti apewe mtu mwingine wa kumsomea.

"Mbona amefaulu vizuri?" afisa akauliza. "Anaweza mwenyewe."

"Amefaulu kwa sababu dada yake alikuwepo, mzee."

Afisa akaandika, akamkabidhi mama karatasi.

"Mama, ameandika nini?" binti akauliza.

Mama hakujua kusoma. Akanigeukia, akanipa. Nikawasomea polepole: "Hahitaji msaidizi."

Binti akanishukuru. Nahofia nilikuwa mtu wa mwisho kumsomea kitu.