Karatasi ya Mafuta

Mpaka leo mtu akitamka "karatasi ya mafuta" mbele yangu, roho hunichafuka. Wajukuu wangu wanacheka. Wacheke tu, wao hawakuliona lile paja la mbuzi.

Nilikuwa nimeolewa Singida mjini, mwaka wangu wa kwanza, Mwingereza bado anatawala. Wakwe zangu walikuwa watu wa duka. Mama mkwe kwao ni pwani, na alihakikisha hulisahau hilo. Mimi nilitoka Mitundu, huko nyuma ya Itigi, kwa baba mrina asali. Mama mkwe hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alisema tu "ninyi watu wa porini" kwa sauti ya kunionea huruma, na hapo ndipo damu iliponichemka.

Basi baba akaleta habari kwamba anakuja kunitazama, mara ya kwanza tangu nitoke kwake. Ungejua nilivyofurahi! Nilitaka kitu kimoja tu: baba ale nyama nzuri kwa wakwe zangu, arudi akamwambie mama kwamba mtoto amefika kwa watu na hana taabu. Mume wangu alikuwa safarini kwenye minada, lakini baba mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa na choyo. Jumanne iliyosemwa alichinja beberu. Tukapika, tukangoja, mgeni haonekani. Magharibi ndipo abiria mmoja aliyepanda gari jingine akatuambia kwamba lori la kutoka Itigi limevunjika ekseli njiani, na litakaa siku kadhaa.

Tukala iliyopikwa. Nikaomba paja moja bichi libaki kwa ajili ya baba.

"Mama, niruhusu nilikate vipande vyembamba, nitie chumvi, nibanike kwa moto wa polepole. Litakaa hata wiki mbili."

"Ubanike? Nyumba ina friji, wewe unataka kuning'iniza nyama jikoni? Mkwe wetu tumlishe nyama kavu kama mpagazi?"

Hiyo friji baba mkwe aliinunua kwa mzungu wa mifugo aliyekuwa akihama. Ilikuwa ya mafuta ya taa, utambi chini, kijisanduku cha barafu juu, na ilikaa sebuleni ili ionekane. Kila jirani aliyepiga hodi alifunguliwa mlango wake. "Tia mkono, tia mkono, usiogope!" Baridi yote ikaishia sebuleni. Nilisema mlango ukifunguliwa hivyo nyama itaharibika. Nikaambiwa friji si yangu.

Haya, nyama ifungwe kwa nini? Ikikaa wazi inanuka mafuta ya taa, maziwa yalishatufunza hilo. Nilikata jani la ule mgomba wetu mmoja uliokuwa ukinywa maji ya bafuni, nikalipitisha motoni likalainika, nikalifunga paja vizuri sana. Asubuhi jani limekauka kwa barafu, ukiligusa linavunjika vipande vipande, na nyama pembeni imegeuka rangi ya gome la mti. Mama mkwe akasema, "Si nilikwambia!" Hakuwa ameniambia chochote. Akatoa kipande cha kitambaa cha merikani, akafunga yeye. Kesho yake merikani imegandana na nyama. Tulivuta, tukavuta, nyuzi zikabaki, nami nikawa nazichomoa moja moja kwa kucha huku paja linaanza kulainika mikononi mwangu.

"Tulibanike leo, mama. Tafadhali."

"Una kichwa kigumu wewe!"

Ndipo baba mkwe akakumbuka. Mpishi wa yule mzungu, siku ya kukabidhi friji, alimwambia nyama ifungwe kwa karatasi ya mafuta. Karatasi ya mafuta ndiyo ipi? Hakuuliza. Mwanamume na akili zake, ananunua dude kama lile, haulizi! Na mpishi mwenyewe ameshahama na bwana wake. Nikasema hiyo itakuwa karatasi ya kununua, tuulize kwenye maduka ya Wahindi. Mama mkwe akafyonya.

"Karatasi tunazo. Mafuta tunayo. La kuuliza lipi hapo?"

Akachukua magazeti ya kufungia sukari dukani, akayeyusha mafuta ya kondoo, akayapaka magazeti pande zote mbili mpaka yakang'aa. Nikaona vidole vyake vinageuka vyeusi.

"Mama, wino unatoka."

"Unatoka nje. Ndani haufiki."

Akalivingirisha paja mara nne, akalisukuma kwenye barafu, akabamiza mlango. Siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, ingawa majirani waliendelea kutia mikono.

Baba alifika Jumapili kabla ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye nyusi, debe la asali begani. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaniwekea mkono kichwani, nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Baba mkwe akamkaribisha barazani. Sisi wawili tukaenda jikoni kufungua karatasi.

Lo! Nyama ilikuwa imeandikwa. Mistari kwa mistari ya gazeti, herufi zimegeuka kinyume, na katikati ya paja imechapwa picha ya gavana akikagua gwaride, na kofia yake yenye manyoya. Mama mkwe alitazama weee.

Halafu akasema, "Lete limau."

"Mama, tuchinje kuku. Kuku si wapo?"

"Ameshaambiwa amechinjiwa mbuzi. Ataletewa mbuzi."

Tulisugua kwa limau, tukasugua kwa chumvi, tukasugua kwa majivu. Gavana hatoki. Tukakwangua kwa kisu. Mama mkwe akamwaga bizari, vitunguu saumu na pilipili manga mpaka tukapiga chafya, na bado ilinuka taa na wino. Nililia pale jikoni, na si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu siku tano nzima nilikuwa nimesema.

Sinia likaenda, nami nikasimama nyuma ya pazia. Baba mkwe alionja kipande, akashika wali. Baba alitafuna polepole, akameza. Akachukua kipande cha pili kwa heshima ya nyumba. Mbona hukutema, baba! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Alasiri alipotoka kwenda kutafuta lori la kurudi, nilimsindikiza mpaka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yetu. Baba akateremsha sauti, lakini si sana.

"Ile nyama umepika wewe?"

Ningesema siyo, baba yangu namjua, angeona wakwe wamemdharau kwa kumlisha vile, asingekanyaga tena pale. Na mimi angeniambia nifungashe vyangu twende. Nami nilikuwa nampenda mume wangu.

"Ndiyo, baba. Nimepika mimi."

Alinitazama kama anayetazama mzinga uliohamwa na nyuki.

"Haya, mwanangu. Utajifunza."

Mama mkwe alisikia kila neno. Hakunena, si siku ile, si baadaye, mpaka tunamzika.

Karatasi ya mafuta nikaja kuiona mwenyewe miaka miwili mbele, kwenye duka la Mhindi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nyeupe, laini, inateleza, imeviringishwa kama jamvi. Nikamwuliza imeanza kuletwa lini. Akasema, "Iko siku zote, mama. Watu hawaulizi." Nilitoka dukani bila kuaga.

Baba hakuwahi kujua. Ningemwambiaje, na nimeshakubali kwa kinywa changu? Alikuja kwangu mara tatu tena kabla hajafariki, na mara zote tatu niliamka mapema nikachinja kuku, nikapika kwa mikono yangu, vizuri. Mara zote tatu alikuja na chakula chake, amefungiwa na mama kule Mitundu. Alisema tumbo lake siku hizi linachagua. Alikula barazani kwangu akamaliza, akanyoosha mikono, na mimi nikamletea maji ya kunawa.