Siku Theophil Alipoulizwa Jina

Mume wangu Theophil ni fundi kompyuta hapa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Ukimpelekea mashine iliyokufa na kazi zako zote ndani, swali lake ni moja: "Ulifanya bakapu?" Yaani, una nakala umeweka pembeni? Jibu huwa hapana. Atakufokea kama mtoto wake, kisha atakutengenezea. Mimi nauza vitenge mlangoni pa duka hilohilo, kwa hiyo makelele yake nimeyazoea.

Mwaka juzi alianza kusahau. Mwanzoni nilidhani ni uzembe tu, maana wanaume ukiwatuma chumvi hurudi na gazeti. Kisha akaniuliza chai yake iko wapi, na kikombe kitupu amekishika mkononi. Siku nyingine alikwenda Posta kununua kifaa. Nilipompigia simu alikuwa Magogoni, amekaa na watu wa Kigamboni wanaosubiri pantoni, naye hajui anasubiri nini. Niliogopa sana siku ile. Daktari alitutajia ugonjwa wenyewe, akasema utakwenda polepole na dawa ya kuuponya haipo.

Theophil alinieleza kwa lugha ya kazi yake.

"Mama Leti, kompyuta ina kumbukumbu mbili. Ramu ni kama meza, unaweka kazi ya sasa hivi. Umeme ukikatika, meza imefagiliwa. Diski ni kama stoo, vitu vinakaa miaka. Stoo yangu mimi imejaa. Meza ndiyo mbovu."

Na kweli, nyimbo zote za shule ya msingi huko Songea anaimba mpaka mwisho. Alichokula asubuhi hajui.

"Na majina je?" nikamuuliza. "Si ya zamani hayo?"

"Yamo stoo. Njia ya kuyafikia ndiyo inafunga."

"Kompyuta ikifika hapo unaifanyaje?"

"Namwambia mwenyewe anunue nyingine." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sikumwambia mtu. Leticia, binti yetu wa pekee, alikuwa amepata mchumba, na nilijua maneno ya watu: wakwe wakisikia baba ana ugonjwa wa kusahau, watasema uko kwenye damu, watageuza njia. Kwa hiyo akiulizwa kitu nilijibu mimi. Mtaani wakasema Candida amekuwa na mdomo, hamwachi mumewe aongee. Waache waseme, lao jicho.

Siku ya posa ikafika. Upande wa mchumba ni Wahehe, sisi ni Wangoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu walipopigana vita. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Nilipanga mdogo wake Theophil awe msemaji, na mume wangu mwenyewe akae kimya kama baba mwenye heshima zake.

Wageni walijaa sebuleni kwetu, ghorofa ya tatu. Mshenga wao, Mzee Kihwele, alianza hata kabla ya kukaa.

"Tulisikia nyumba hii ina panya. Au Wangoni mmeshawala wote?"

Msemaji wetu hajafungua kinywa, Theophil akadakia: "Wamebaki wawili. Lakini mbwa tumemficha kwa jirani, tulijua Wahehe hamjala tangu Iringa."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia mwepesi vile, moyo wangu ukatulia. Nikawaza, kompyuta ukiitukana haikupi kitu, lakini huyu katukanwa mara moja tu na stoo imefunguka. Furaha yangu haikudumu.

"Kumbe una mdomo!" akasema Mzee Kihwele. "Basi msemaji hatumtaki. Tutajie wewe, mtani. Binti tunayemposa anaitwa nani?"

Leticia alikuwa mkekani, kajifunika khanga. Theophil akamtazama. Nilimwona anavyotafuta. Nikafungua mdomo, mzee akainua mkono: "Mama, hatujakuuliza wewe."

"Jina lake silikumbuki," akasema Theophil.

Vigelegele! "Faini! Kreti ya soda! Mngoni kamsahau mwanawe!" Walidhani ni utani mkali kuliko wote wa siku ile. Mungu wangu, nikaomba, mfunge mdomo, yaishie hapohapo. Lakini Theophil hajawahi kumdanganya mtu kuhusu mashine mbovu.

"Mtani, hapa sitanii. Naumwa. Huyu ni mwanangu, nampenda. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha mpaka nikavua viatu nikavishika mkononi. Jina nalitafuta, silioni. Mke wangu amewaficha kwa sababu anaogopa mtaondoka."

Tukabaki kusikia mikokoteni huko chini. Leticia akafunua uso, machozi yanamtiririka. Mimi niliinamia sakafu kwa aibu.

Mzee Kihwele akainuka, akaja kukaa ubavuni mwa mume wangu.

"Wewe Mngoni mjinga sana. Tumekuja kuoa binti, hatukuja kuoa kichwa chako. Kichwa chenyewe kimejaa panya, nani anakitaka?"

Theophil ndiye aliyeanza kucheka. Kisha nyumba nzima. Mimi nikalia kwa sauti, nikatozwa kreti ya pili kwa kulilia posa kama matanga.

"Na wewe mama ungetuambia," akasema mzee, safari hii taratibu. "Siku ya kufa mtani ndiye anayekubeba. Atashindwa kukubebea jina?"

Ule mzigo niliokuwa nao kifuani ulishuka palepale, hata njaa niliisikia. Wali ukaletwa, watu wakanawa. Katikati ya kula Theophil akanivuta kitenge, akaniuliza na wote wanasikia:

"Candida, hivi hawa wageni wamekuja kumwoa nani?"

Hakuna aliyecheka. Zamani ningekohoa, ningemwongezea mchuzi.

"Leticia," nikasema kwa sauti. "Mwanao."

"Leticia," akarudia. Akawatazama Wahehe mmoja mmoja, wengine bado na tonge mkononi. "Basi amepata watu."