Mtambo Uliongoja Beseni

Habari ya kifo chake ilinifikia mimi wa mwisho, na kosa ni la simu yangu. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiniomba ruhusa ya kupokea programu mpya, nami nikawa nabonyeza "baadaye", kama ninavyomfanyia daktari wa meno. Wiki iliyopita ikachoka kuniomba. Ikajizima yenyewe, ikaanza kujibadilisha, ikaganda katikati ya safari, na fundi wa sokoni akahitaji siku kadhaa kuifufua. Ilipowaka ilimwaga ujumbe juu ya ujumbe, wote kutoka Walikale. Wa kwanza ulisema, "Kaka, Papa Matangazo ametuacha." Wa mwisho ulisema walikuwa wakirudi kutoka makaburini. Wasomaji wangu mnajua kwamba sipendi kuandika juu ya wafu, kwa sababu hawana nafasi ya kunisahihisha. Lakini kufiwa na mtu huyu, kati ya watu wote, wakati simu yako imeharibiwa na programu mpya iliyojiingiza bila kumuuliza mtu, ni jambo ambalo yeye mwenyewe angelicheka mpaka akohoe. Basi naandika.

Nilimfahamu katika miaka ya vita, ingawa huku kwetu ukisema hivyo watu huuliza: vita ipi? Nilikuwa na shahada ya falsafa na viatu vilivyopasuka. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mwenye maduka na malori, ambaye sote tulimwita patron, alikuwa amejenga mtambo mdogo wa umeme wa maji katika vilima vya juu ya Kibabi. Ulilisha mashine ya kusaga, chumba cha kupozea maziwa, na kituo cha afya chenye friji ya chanjo. Vitabu vya mitambo vilikuja kwa Kifaransa, wafanyakazi walisoma Kiswahili, na mimi niliajiriwa kusimama katikati. Mkuu wa mafundi alikuwa yeye, mwana wa wawindaji wa Walikale aliyesomea umeme wa viwandani, mrefu, mwenye kikohozi cha kuagiza kimya kabla ya kusema. Moyo wa mtambo ulikuwa kisanduku walichokiita otomati, si kikubwa kuliko Biblia ya madhabahuni, kinachomulika taa ndogo na kuamua maji kiasi gani yaende kwenye turbini. Mashine ya kusaga ikizimwa ghafla, umeme hauna pa kwenda, maji hayatakiwi tena. Hapo otomati hufungua lango la pembeni na kuyamwaga kwenye mkondo wa zamani wa mto, ambao siku nyingine zote ulikuwa karibu mkavu.

Kisanduku kama hicho kina programu yake ya msingi, na waliokitengeneza hutuma toleo jipya mara kwa mara, kuponya maradhi ya toleo la zamani. Mafundi huita kazi hiyo *mise à jour*. Kwingine ni jambo la waya na kompyuta. Kwake ilikuwa kama ndoa: lazima itangazwe kanisani Jumapili mbili au tatu kabla, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Alipeleka tangazo lilelile kwa Waprotestanti na kwa mpiga mbiu wa soko. Padre, mtu wa subira, alilisoma baada ya majina ya wachumba. Vijana wa nyuma hawakukosa neno. "Na mahari ilitoka?" "Ilitoka, patron aliuzisha ngombe!" Ndipo akapata lile jina la Papa Matangazo. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikaandika makala ndefu kuhusu uchawi wa teknolojia vijijini, ambayo kwa bahati njema hakuna aliyeichapisha.

Nakumbuka mara moja iliyotosha. Otomati ilikuwa imeanza kuganda, mtambo unazimika bila sababu, na muuguzi wa kituo cha afya analia na chanjo zake. Muuzaji wa otomati akamtuma injinia kijana kutoka Goma na toleo jipya. Aliingia Jumamosi mchana, amechoka na vizuizi vya barabarani, akileta habari kwamba njia ya Sake ingeweza kufungwa wakati wowote. Patron akataka kazi ifanyike saa ileile.

"Papa, huyu mutoto amepita babarière yote toka Mubambiro mupaka hapa, na weye unamuambia angojee misa?"

"Patron, otomati haina miguu, haitakimbia. Kesho njo tangazo ya mwisho."

"Na barabara ikifungwa?"

"Ikifungwa, atakula viazi pamoja na sisi."

Msimdhanie kwamba alikuwa mtulivu. Alijua kwamba njia ikifungwa kabla ya kazi, chanjo zingeharibika na yeye angefukuzwa, na haki ingekuwa ya patron. Nilimwona usiku wa Jumamosi hiyo hakugusa chakula. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika chini ya mtambo, naye alikuwa ameyaona. Watu waliokimbia mapigano walikuwa wamepanga maturubai yao kando ya ule mkondo mkavu. Walifika hapo kwa sababu rahisi: huko Masisi kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na vingine vina wenyewe wawili wanaochukiana, lakini mkondo ule mwenyewe wake ni maji, na maji hayakuwapo. Wanawake walishuka humo mchana kutwa, kuloweka muhogo katika madimbwi na kufua.

Jumapili padre akasoma tangazo, vijana wakauliza bwana harusi yuko wapi, na mama mmoja wa kambini akasimama. "Mon père, mie niko na kizuizi." Kanisa likacheka. Hakukaa. "Ao si kizuizi, iko ulizo. Ile mashini inaliaka kwanza sireni, sisi tunatoka mu maji, njo inafungula. Mukiipatia akili ya mupya, itaendelea kutungojea?"

Kicheko kikafa. Papa Matangazo akasimama kwenye benchi lake, akakohoa. "Mama, sijui," akasema. "Nitaangalia, nitakuletea jibu kwako mwenyewe." Nimeketi katika kumbi nyingi za vyuo tangu siku hiyo, na jibu hilo sijalisikia tena likitolewa hadharani na mtu mwenye cheo.

Baada ya misa, mtamboni, injinia alisema kungoja huko hakumo kitabuni. Akanigeukia, nami niliyefasiri kila ukurasa nikathibitisha kwa fahari kwamba hakumo. Wakafungua kompyuta. Kulikuwamo ndani ya otomati. Mtu aliyefunga mtambo zamani alikuwa ameingiza kwa mkono muda wa kungoja kati ya king'ora na lango, hakuandika popote, akaenda zake. Toleo jipya lingefuta kila kilichoingizwa kwa mkono na kukirudisha kisanduku kama kilivyotoka kiwandani, mahali ambapo hapakuwa na mto wala mama. King'ora na maji vingekuja pamoja. Injinia, kijana mwema, akainakili namba ile, akaweka toleo jipya, akairudisha namba mahali pake. Akaanza kukunja nyaya zake.

"Bado," Papa Matangazo akasema. "Sasa tushuke mu mutoni."

Lango lilifungwa kwa gurudumu la mkono lisitoe hata tone. Injinia alibaki juu na kompyuta. Mimi, mwenye shahada, niliwekwa katikati ya mteremko nipepee shati muda wa kungoja utakapokwisha. Papa Matangazo alishuka mkondoni akiwa na mabuti yake, akasimama miongoni mwa wanawake. King'ora kikalia. Vijana wakapanda kama mbuzi. Yule mama aliyeuliza akapanda nusu, akageuka, kwa maana mama yake mzazi, bibi kizee, alikuwa bado ameinama katikati, anaokota muhogo wake mmoja mmoja na kuurudisha kwenye beseni.

"Mama, acha! Fanya kama maji inakuya!"

"Acha weye. Niliacha nyumba, niliacha ngombe, niliacha sufuria mu moto. Hii siache."

Injinia akainua mkono. Nikapepea shati. Bibi alikuwa bado katikati ya mto, beseni ndiyo kwanza linafika kichwani, na Papa Matangazo amesimama kando yake, hakumgusa. Hapakuwa na maji, lakini sote tulikuwa tumeyaona.

Injinia akapaza sauti kutoka juu kwamba king'ora kikilia lazima mtu aache vitu vyake, ndiyo sheria. "Hawa bamekwisha kuacha vyote, kaka!" Papa Matangazo akajibu. "Pima na beseni!" Injinia akaeleza, na alikuwa sahihi, kwamba ukiongeza muda maji yanajaa bwawani juu ya lango, hivyo kina chake lazima kiwekwe chini zaidi kila siku, na umeme utapungua. Macho yote yakamgeukia patron. Alikuwa ameshuka nyuma yetu na viatu vyake vya misa. Alimtua bibi beseni, akalibeba yeye mwenyewe mpaka juu, akafika anahema kama lori linalopanda mlima wa Mushaki. "Mupunguze maji," akasema. "Mashini ya kusaga itafungwa mapema." Jaribio likarudiwa na beseni, likarudiwa tena, mpaka bibi alipofika juu, akaketi na kupumua kabla shati langu halijapepea. Shukrani yake ilikuwa kumgombeza injinia kwamba muhogo umekauka kwa michezo yao.

Injinia aliondoka Jumatatu, na njia ikafungwa nyuma yake. Majuma machache baadaye risasi zilikata waya wa mashine ya kusaga, mchana, mkondo ukiwa umejaa wanawake. Umeme ukakosa pa kwenda. King'ora kikalia, mtambo ukangoja, watu wakatoka na mabeseni yao, kisha maji yakapita pale walipokuwa. Hakuna aliyeandika habari hiyo. Magazeti hayana ukurasa wa watu ambao hawakufa.

Tuna methali inayotufundisha kwamba aliye juu tumngoje chini. Nimeirudia mara nyingi katika safu hii, kwa ujuzi wa mtu anayekaa mjini. Lakini nchi yetu imejaa walio juu wanaofungua malango: wanaobadilisha mipaka ya vijiji, mitaala ya shule, fedha, mikataba ya amani, kila kimoja ni toleo jipya, kila kimoja kinatibu ugonjwa wa kweli, na sisi wa mkondoni tunasikia king'ora maji yakiwa magotini. Mara nyingi si watu wabaya. Wamepima muda kwa mtu kijana asiyebeba kitu.

Aliyenipigia simu hatimaye alinieleza mazishi. Jeneza lilikuwa tayari kando ya kaburi, mvua inatishia, na katekista akauliza kama aanze. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametembea kutoka mbali akasema, "Bado. Kuko benye bako mu njia na mizigo." Hakuna aliyebisha. Walisimama kwenye manyunyu mpaka wa mwisho akafika, akatua alichobeba, akapumua, ndipo wakamshusha.

Mimi sikuwa hata njiani. Ila nimejifunza hili kwake, nanyi mlichukue kama lina faida: kabla hujabadilisha jambo lolote juu ya vichwa vya watu, litangaze, kisha shuka ulipo mkondo, mtafute anayetembea polepole kuliko wote, na usimwambie aache beseni.