Indiketa ya Kulia

Shemeji yangu ana roho mbaya, na nalisema hili mapema ili msomaji asije akamhurumia njiani. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, dereva wa malori tangu ujana wake, mkazi wa Makambako. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Kila nilipokosea alinichapa mkononi, na mume wangu, aliyekaa kiti cha nyuma, alijifanya anaangalia misitu.

Somo lake kubwa lilikuwa indiketa. Barabara ya Makambako kuja Njombe ina vilima na kona, na ukiwa nyuma ya lori la mbao huoni kitu mbele. Dereva wa lori ndiye anayekuwa macho yako. Akikuwashia kushoto, pita, njia nyeupe. Akikuwashia kulia, tulia hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini huku kwetu kila anayeshika usukani anaijua. Siku moja nilichomoka huku lori limewasha kulia. Basi la abiria lilitukosa kidogo tu. Tulipopata pa kusimama, shemeji alinizaba kofi la shavu, akasema, "Kulia ni kaburi. Sema!" Nikasema. "Sema tena!" Nikasema na kusema, mpaka mume wangu akamwambia, "Inatosha, kaka."

Mume wangu mwenyewe hakuwa msikivu. Alikufa na pikapu ya viazi kwenye barabara hiyo hiyo, akilipita lori lililokuwa limewasha kulia. Dereva wa lori alilia mbele ya polisi: "Nilimwashia jamani, nilimwashia kulia." Shemeji alikuwa amesimama pembeni yangu, akayasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi. Tulimzika Njombe, mvua ya baridi ikitunyeshea, kwaya ya usharika inaimba huku meno yanagongana.

Aliacha mke, nyumba isiyopigwa lipu, na gari jekundu la mbio, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba kulipitisha kwenye tuta ni lazima uliombee. Alilipenda kuliko nyumba na, siku nyingine, kuliko mimi. Alikuwa akilipeleka Yai. Yai ni uwanja wa lami wa mviringo ambao tajiri mmoja wa mbao aliujenga nje kidogo ya Makambako, na Jumamosi za kiangazi wenye magari huenda kuzunguka humo. Hakuna kombe. Unazunguka, unakanyaga mafuta mpaka moyo uridhike, unarudi nyumbani. Mimi nilianza kwa kubeba chupa ya chai, nikaishia kumzidi mwendo mwenye gari. Yeye alifurahi, akawa anawatambia watu. Alipokufa niliendelea kwenda peke yangu, na hapo ndipo ukoo ulipokumbuka kwamba nina gari.

Walikuja kukaa kikao sebuleni kwangu. Wakala kuku wangu, wakafuta midomo, wakaniambia mjane hana kazi na gari la mbio. Shemeji alilitaka. Nikawaambia hawezi hata kulitoa uani. Mama mkwe akacheka.

"Kumbe wewe ndiye fundi," akasema. "Basi mpite huko Yai, na gari lako hilo hilo, hata mara moja tu. Ukimpita, hatutalitaja tena. Usipompita, mpe ufunguo."

Ningeweza kwenda mahakamani, na naamini mahakama ingenipa haki yangu. Lakini nilitaka kumpita shemeji mbele ya mama yake. Nilitaka dada zake wamwone akinusa moshi wangu. Nikakubali, nikawaapia kabisa.

Jumamosi hiyo ukungu ulichelewa kuondoka. Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mkali kutoka Dar es Salaam aliyejifunga skafu mbili, alitukusanya kutukumbusha kanuni. Hakuna kumpita mtu bila ruhusa yake, na ukipita bila ruhusa unatolewa uwanjani. Anayefuatwa na mwenye kasi zaidi lazima amruhusu. Siku zote tulikuwa tunaruhusiana kwa kutoa mkono dirishani. Shemeji akanyoosha kidole kama mwanafunzi mwema.

"Samahani, mama. Mkono nje kwa kasi ile ni hatari. Kwa nini tusitumie indiketa? Upande ninaowasha, ndio upande wa kunipitia."

Msimamizi alimsifu. "Sawa. Kuanzia leo ni indiketa. Akiwasha kulia, mpite kulia kwake. Tumeelewana?"

Tukaitikia wote, na mimi sauti yangu ilikuwa juu. Niliona ni wazo zuri, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Shemeji alikuja na gari lake jeupe la familia, zito, la kubebea watoto kanisani. Nilimfikia mapema sana hata nikamcheka peke yangu ndani ya helmeti. Tulipoingia sehemu iliyonyooka, mbele ya ukoo wote, akawasha kulia.

Mguu wangu ukatoka kwenye mafuta. Sikuutoa mimi. Nilipokumbuka kwamba hapa kulia maana yake ni pita, kona ilikuwa imefika na yeye ameshazima. Nikajitukana, nikamfikia tena. Akawasha kulia tena, kwa utulivu, kama mtu anayekukaribisha ndani. Mguu ukatoka tena. Nililiona lori la mbao, nikaiona pikapu, viazi vimetapakaa lamini. Nilipopita mbele yao niliwaona mawifi wamekunjana kwa kicheko, mmoja ananipungia khanga: pita basi, si umeruhusiwa!

Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumpenda mdogo wake. Mzunguko wa mwisho nikapiga kelele mwenyewe ndani ya gari, "Pita! Pita! Pita!" Taa ikawaka kulia, nikachomoka. Nilifika usawa wa mlango wake wa nyuma. Kisha, mbele yangu, kwenye lami tupu, kitu kikaja, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likazunguka kama pia, likaishia kwenye majani, likiwatazama wakwe zangu.

Walipiga vigelegele. Mama mkwe alikuja akinyoosha kiganja kabla sijafungua mkanda, lakini nilimpita, nikampelekea mwenyewe shemeji ule ufunguo, kwa sababu niliapa. Hakunicheka. Aliingia ndani ya gari jekundu, akasukuma kiti nyuma, akarekebisha vioo kimoja kimoja.

"Shemeji," nikamwambia, "ulikuwa unatembea katikati ya lami. Kushoto nako kulikuwa wazi muda wote. Kwa nini hukuniwashia kushoto?"

Alinitazama kwa upole, kama siku zile nilipojibu vizuri.

"Ningewasha kushoto, shemeji, ungepita."