Mbuzi Ishirini wa Karakana

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana pale Mabawa ninapokaa limeshafika mpaka kwenye genge la mboga, na kila anayelisimulia anaongeza mbuzi wake. Aibu ni yangu na wivu ulikuwa wangu. Sitamsingizia shetani, siku ile alikuwa na shughuli zake nyingine.

Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha kamba za mkonge hapa Tanga, mwaka wa kumi na saba huu. Niamshe usingizini uniulize beringi za mashine ya kusokotea ziko wapi, nitakwambia rafu ya tatu, nyuma ya ndoo za grisi. Basi wakatuletea mfumo wa kompyuta. Kila kitu cha kiwanda kimo humo, stoo, manunuzi, mauzo, hata likizo zetu, mtu akichukua boliti moja kwangu mhasibu kule ghorofani anaiona. Mimi na mfumo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na Zulfa.

Zulfa nilimpokea mimi. Alikuja binti mdogo hajui boliti wala nati, nikamfundisha, nikamgawia chapati zangu za saa nne, akaniita dada nami nikamwita mdogo wangu. Ulipokuja mfumo wakampeleka Dar kuusomea (mimi walisema nibaki, eti stoo haiwezi kukaa bila mwenyewe, nikafurahi kama mjinga), akarudi na kishkwambi mkononi na cheo cha msimamizi wa mfumo. Tangu hapo nikitaka hata ufagio, naandika ombi kwenye kompyuta, na Zulfa ndiye anayeidhinisha. Mwanafunzi wangu! Meneja kutwa nzima ni Zulfa njoo, Zulfa tuangalizie, Zulfa sijui nini, naye anapita na mtandio mpya kila wiki, ananukia. Kijicho kilinishika, wallahi, hata chapati zangu za saa nne nikaanza kuzila peke yangu. Tena nafasi ya mkuu wa manunuzi na stoo ilikuwa wazi tangu mzee wetu astaafu, na kila mtu alijua ni yangu, mpaka jina la Zulfa lilipoanza kutajwa. Meneja akasema atatangaza Alhamisi, wageni wakishaondoka. Wageni wenyewe ni wanunuzi wakubwa wa kamba, wanakuja kututazama tunavyofanya kazi.

Jumatano mchana nikamwona Zulfa anaidhinisha maombi huku anakula muhogo, kidole tu, kidole tu. Nikajisemea huyu hasomi, na leo nimempata.

Sasa, kiwanda chetu kila Idi el-Haj kinawanunulia wafanyakazi mbuzi, kwa Mzee Mhina wa Maramba, na kwa kuwa waliotufungia mfumo walisema chochote kinachonunuliwa lazima kiwemo, basi mbuzi nao wamo, jirani na misumari. Nikaomba mbuzi ishirini. Kwenye sababu ya maombi nikachagua: matengenezo ya karakana. Nia yangu aidhinishe, halafu kesho mbele ya meneja na wageni ninyooshe mkono niulize kwa upole, "Samahani, mbuzi hawa fundi atawafunga kwenye mashine ipi?" (Sauti ya upole niliifanyia mazoezi kwenye kioo, msinicheke.) Kisha ningelifuta ombi, yakaisha. Maana kwa akili yangu ya miaka yote oda inatembea kwa miguu: unaiandika, inasainiwa, inalala mezani kwa mhasibu siku tatu, unambembeleza, ndipo inatoka. Nilijua nina muda. Haikupita nusu saa ombi likageuka kijani, limeidhinishwa, nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtoto. Sikujua kwamba likigeuka kijani mfumo wenyewe unampelekea muuzaji meseji, hausubiri mtu.

Alhamisi nikavaa baibui jipya, nikajifukiza udi. Wageni wameketi, Zulfa anawaonyesha mfumo ukutani, na mimi nangoja zamu yangu, ndipo simu ya mlinzi ikaingia.

"Bi Mwanakombo, mzigo wako umefika getini."

"Mzigo gani?"

"Unalia."

Nilitoka mbio nimeinua baibui mkononi. Mzee Mhina amesimama kando ya kenta, mbuzi wote wameshashushwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Meseji yenu nimeipata jana, nikasema mwaka huu Idi wameiwahi kweli."

Nikamwomba awarudishe. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Gari hili la kukodi, dereva anawahi machungwa Muheza. Niwabebe mgongoni?"

Na kweli, kenta hiyo ikaondoka, mzee akabaki kungoja malipo yake. Kule juu nikasikia viti vinasogezwa, wageni wanatoka kutembezwa. Nikaona bora niwafiche. Tukawaswaga mpaka stoo, mimi na mlinzi, nikafunga mlango, nikatia ufunguo kwenye mkoba, nikasimama pembeni na kujipepea.

Msafara ukaja moja kwa moja. Meneja anatamba, "Hii ndiyo stoo yetu, humu hakiingii kitu wala hakitoki mfumo usijue." Nikasema ufunguo nimeusahau nyumbani. Zulfa akatoa wa akiba.

Walitoka kwa fujo, jamani! Mmoja amejipaka grisi mpaka masikioni, mwingine anatafuna boksi la beringi, wa tatu kampitia mgeni katikati ya miguu, mafundi wameacha mashine wanawakimbiza na wanacheka mpaka wanakaa chini. Mama mmoja katika wageni akauliza, "Na hawa, mfumo unawajua?"

Zulfa akatazama kishkwambi chake. Hakuweza kusema uongo, masikini.

"Ndiyo. Wamo. Ishirini."

Meneja akauliza nani kaagiza. Mzee Mhina, kwa nia njema kabisa, akavaa miwani akaisoma meseji yake kwa sauti, jina langu lote, na la baba yangu. Meneja akamgeukia Zulfa. "Na wewe ukaidhinisha? Hukusoma?"

Hata pale, na aibu yote ile, moyo wangu uliruka kidogo kwa furaha. Wivu hauna haya.

"Nilisoma," Zulfa akasema. "Nilishangaa hiyo karakana. Lakini nikaona jina la dada, nikajua ni mbuzi wa Idi, kakosea kuchagua sababu tu. Dada hakosei mambo ya stoo. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyeniuliza tena, macho yangu yalishawaambia kwamba sikukosea.

Nafasi akapewa Zulfa jioni ile ile. Mimi nikapewa mbuzi, niwalishe mpaka Idi, wiki mbili nakata majani nyuma ya kiwanda na mafundi wananiita mama mchungaji. Nilikwenda kumwomba Zulfa radhi, nikalia, akanishika mkono akasema yameisha, dada. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia na baibui jipya. Kumwonea mtu kijicho nimekoma, nimekoma kabisa.

Juzi nimeomba ndoo mbili za grisi. Zulfa akanipigia, adabu ile ile, "Dada, hizi ni za mashine ipi?" Nikamjibu ya kusokotea, mdogo wangu. Akasema sawa, nisubiri kidogo. Kisha akamtuma fundi aje kuhakikisha.