Akida Alipomkuta Hiza Kaburini

Siku tunamzika babu Rehani, jeneza lilifika makaburini likakuta kaburi lina mtu.

Mtu hai. Kalala chali, mikono kifuani, anakoroma.

Alikuwa Hiza. Mchumba wangu.

"Shimo hili langu," akasema bila kufumbua macho. "Mzee wenu mpelekeni Kabuku, huko udongo laini. Au leteni kuku nitoke."

Watu walicheka mpaka jeneza likayumba. Ukoo wa Hiza na wetu ni watani tangu mababu, na hapa Sindeni msiba usio na mtani ni mboga isiyo na chumvi.

Mara akatokea akida na askari wake wawili.

Akida huyu Wajerumani walimleta juzi tu kutoka mbali, kwao sijui wanazikana vipi. Wiki ile alikuwa ametangaza amri mpya: kichaa asifungwe tena kamba wala asipigwe. Apelekwe nyumba ya wagonjwa kule mlimani, alishwe, atibiwe, asipangiwe kazi ya mkonge. Ila kwanza asikilizwe mwenyewe. Ndiyo haki yake.

Akachungulia shimoni.

"Huyu kichaa."

"Ni mtani, bwana akida," akasema mjomba Mwinjuma.

"Mtu yuko kaburini anadai kuku. Mtoeni."

Hiza akatolewa, udongo hadi puani. Kicheko kikakatika.

Mimi nilikuwa kwenye shamba la mihogo kando ya makaburi, na wanawake wenzangu. Harusi yetu ilikuwa baada ya arobaini, na mtu akishapelekwa mlimani nani ajuaye atarudi lini?

"Haya, nakusikiliza," akida akamwambia. "Una akili timamu?"

"Ninazo, bwana. Mzima kabisa."

Akida akawageukia askari. "Mnaona? Kila kichaa husema yeye mzima. Hakuna anayekiri."

Mimi si mtu wa maneno. Lakini masikio ninayo, na neno hilo nililidaka.

Nikatoka kwenye mihogo. "Shikamoo, bwana akida. Hebu muulize tena." Nikamkonyeza Hiza.

"Una akili?"

"Sina," akasema Hiza. "Nimevurugika tangu tumboni."

Kwa neno la akida mwenyewe, aliyekiri si kichaa.

Yangeishia hapo. Lakini bibi Tatu, mjane mwenyewe, akasogea akijifuta machozi.

"Baba, huko mlimani chakula kipo na mkonge hakuna?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi na mimi kichaa."

"Mimi wa kuzaliwa," akadakia mjomba Mwinjuma.

Mchimba kaburi akasema yeye kichaa masika na kiangazi. Waliobeba jeneza wakamtua babu taratibu, wakaingia kwenye mstari.

"Nyamazeni," akafoka akida. "Kumbe hapa mwenye akili timamu ni mimi peke yangu?"

Askari wakatazamana. Kisha, kwa adabu zote, wakamshika bwana wao mikono, mmoja huku, mmoja huku.

"Tusimfunge kamba," mmoja akamkumbusha mwenzake. "Ndiyo amri."

Wakaondoka naye kuelekea bomani, anapiga kelele kwamba yeye mzima. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyozidi kumhurumia. Kesho yake alirudishwa, kanuna, na tangu hapo akiona msiba anapita njia nyingine.

Na Hiza? Alirudi shimoni akalala. Kuku wake alikuwa hajapewa.

Ndugu zangu, sheria ile ilikuwa njema, sina neno nayo. Ila kabla hujampima mwenzio akili, uliza kwanza kwao wanazikana vipi.