Mama wa Kwenye Bango

Itangazwe kwa wote, wenye masikio na wenye vipaza sauti, kwamba chama cha kutetea amani na haki kimetimiza miaka ishirini, na keki yake ni kubwa kuliko amani iliyopatikana. Kiti cha mbele kabisa ni cha mama yule yule wa kila mwaka, ambaye mwanawe alichukuliwa kazini na watu wenye bunduki, asionekane tena. Picha pekee aliyokuwa nayo ya kijana huyo chama kiliiazima kutengenezea bango, na haijarudi hadi leo. Bango hukua kila mwaka na wafadhili nao huongezeka. Safari hii nembo ya mmoja wao imemkaa kijana mdomoni.

Mama haendi kitini moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye bango, hulowesha ncha ya mtandio kwa mate, na kumfuta mwanawe vumbi shavuni kama anayemwandaa kwenda shule. Leo aliikwangua pia ile nembo, taratibu, kwa ukucha, hadi mwenyekiti akaja mbio na tabasamu lake la kamera.

"Mama yetu! Shujaa wetu! Hebu waambie wageni, miaka yote hii pamoja nasi, unajisikiaje?"

Mama akasogea kwenye kipaza sauti kwa adabu zake zote.

"Mmempata?"

"Mama, mapambano bado yanaendelea!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Akangoja yaishe.

"Haya, baba. Basi nirudishieni picha yangu."